Ukuta Mzito Nao Huteleza: Dhana Potofu Kuhusu Uthabiti wa Mabwawa ya Zege

Mtu anayeutazama ukuta wa bwawa la zege akiwa bondeni huvutiwa kwanza na unene wake, na kutokana na unene huo huamini kwamba maji yamezuiwa kwa ugumu wa zege na wingi wa nondo. Imani hiyo ndiyo chimbuko la dhana potofu nyingi kuhusu usanifu wa mabwawa. Mabwawa makubwa ya zege yaliyobomoka na kuua watu, kwa sehemu kubwa, hayakubomoka kwa sababu zege lilikuwa hafifu. Yaliteleza, yaliinuliwa na maji yaliyopenya chini yake, au yaliachwa na mwamba yaliouegemea. Anayetaka kujua kama ukuta utasimama hana budi kuanza kuangalia chini ya kitako chake.

"Ziwa likiwa refu, ukuta husukumwa zaidi"

Wengi hudhani kwamba ukuta wenye ziwa linalorudi nyuma kilomita 50 hubeba mzigo mkubwa kuliko ukuta wenye ziwa la mita 500. Sivyo. Kanieneo ya maji yaliyotulia hutegemea kina, wala haijali maji hayo yameenea hadi wapi. Kila mita moja ya kina huongeza takriban tani moja kwa kila mita ya mraba, na kwa hiyo maji yenye kina cha mita 10 huusukuma ukuta kwa takriban tani 50 katika kila mita moja ya urefu wake, kutoka ukingo hadi ukingo wa bonde. Kina kikifika mita 20, msukumo hauwi tani 100 bali tani 200, kwa kuwa hukua kwa mraba wa kina. Uwezo wa maji kuupindua ukuta hukua kwa kasi zaidi: kina kikizidi mara mbili, uwezo huo huwa mara nane.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuongeza mita chache juu ya ukuta ambao umekwisha kusanifiwa si jambo dogo kama linavyosikika. Bwawa la St. Francis huko California, Marekani, liliongezwa kimo mara mbili, kila mara kwa takriban mita 3, bila kitako chake kupanuliwa ipasavyo. Lilibomoka karibu na usiku wa manane tarehe 12 Machi 1928 na kuua zaidi ya watu 400. Kimo hakikuwa sababu pekee, kwani mwamba wa kingo zake nao ulikuwa mbovu, lakini kilikwisha kula akiba ya usalama ambayo ukuta ungeihitaji siku mwamba ulipoanza kulegea.

"Ukuta mzito hausogezeki"

Dhana hii ina sura ya ukweli, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Tuipime kwa hesabu. Tuchukue ukuta wa umbo la pembetatu wenye kimo cha mita 20, uso wake wa upande wa maji ukiwa wima na kitako chake kikiwa na upana wa mita 12.9. Zege lina uzito wa takriban tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita moja ya urefu wa ukuta huo ina uzito wa tani 310, huku maji yakiusukuma kwa tani 200. Anayeishia hapo ataridhika. Msukumo ni kama asilimia 65 tu ya uzito, na ukijumlisha kani zote mbili, jumla yake hupita ndani ya theluthi ya kati ya kitako, pale pale mpakani, kwa hiyo kisigino cha ukuta upande wa maji hakijaanza kuvutwa juu.

Lakini maji hayakai mbele ya ukuta peke yake. Hupenya kwenye nyufa za mwamba na kwenye kiungo cha zege na msingi, na yakishafika huko husukuma kwenda juu. Tukichukulia kwamba kanieneo yake ni kamili kisiginoni na hupungua taratibu hadi sifuri upande wa bondeni, kani hiyo ya kuinua ni tani 129 kwa kila mita. Uzito unaobaki kuukandamiza ukuta juu ya mwamba ni tani 181 tu, ilhali msukumo wa mlalo ni zile zile tani 200. Ili msuguano pekee uuzuie ukuta huo usiteleze, uwiano wake, yaani msukumo wa mlalo ukigawanywa kwa uzito unaokandamiza, ungelazimika kufika 1.1, na hakuna mhandisi makini anayeweza kutegemea kiwango hicho kati ya zege na mwamba, 0.7 ni karibu na kile kinachotumika kwa kawaida.

Sasa tupanue kitako hadi mita 17. Uzito unakuwa tani 408, maji yanainua tani 170, na uwiano unaohitajika unashuka hadi 0.84, ambao bado ni mkubwa. Halafu tuchimbe safu ya matundu ya kutolea maji ndani ya msingi, karibu na kisigino, na tuseme matundu hayo yameipunguza kani ya kuinua kwa nusu: uwiano unashuka hadi 0.62. Matundu yenye upana wa sentimita chache tu yameurudishia ukuta tani 85 kwa kila mita bila kuongezwa hata ndoo moja ya zege. Katika usanifu wote wa mabwawa, nadhani hakuna kazi ndogo kama hii inayoleta faida kubwa kiasi hicho, na inanisikitisha kwamba ndiyo inayosahaulika kwa wepesi.

Wahandisi hawakuijua kani hii kutoka vitabuni bali kutokana na vifo. Bwawa la Bouzey nchini Ufaransa, lililojengwa kwa mawe, lilianza kuonya mwaka 1884, sehemu ya ukuta wake iliposogea kuelekea bondeni. Liliimarishwa chini, lakini tarehe 27 Aprili 1895 sehemu yake ya juu ilikatika baada ya maji kupenya katika ufa wa mlalo, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwaka huo huo Mfaransa Maurice Lévy alipendekeza kwamba mgandamizo wa ukuta kwenye uso wa upande wa maji usiwe mdogo kuliko kanieneo ya maji mahali hapo, ili maji yasipate pa kuingilia. Onyo hilo halikuwafikia wote. Bwawa la zege la Austin, Pennsylvania, lenye kimo cha takriban mita 15 tu, lilisogea lilipojaa mara ya kwanza mwaka 1910, likaendelea kutumika, na tarehe 30 Septemba 1911 likateleza juu ya msingi wake wa mwamba wa matabaka na kuua watu wasiopungua 78.

"Bwawa zuri halivuji hata tone"

Kutokana na hayo yaliyotangulia, msomaji ataona kwamba bwawa kavu kabisa si lazima liwe bwawa salama. Ndani ya kuta kubwa huwa kuna ushoroba mwembamba wa ukaguzi, wenye baridi na unyevu, ambao sakafu yake ina mfereji mdogo. Midomo ya matundu yaliyochimbwa kwenye msingi hufunguka humo, na maji hutiririka kutoka kila tundu kwa kiasi chake, mengine kwa matone na mengine kama bomba lililofunguliwa nusu. Mwishoni mwa mfereji huwekwa kibao chenye kikato cha umbo la V, ambacho kimo cha maji yanayopita juu yake humwonyesha mkaguzi ni lita ngapi zinatoka kwa dakika. Mkaguzi anayejua kazi yake haogopi kuyaona maji hayo. Huogopa anapoyaona yameongezeka ilhali kina cha ziwa hakijabadilika, au yamechafuka, dalili kwamba yanabeba udongo kutoka kwenye msingi. Huogopa vilevile yanapokauka ghafla, kwa sababu tundu lililoziba halimaanishi kwamba maji yameondoka chini ya ukuta. Yamekosa njia, na sasa yanainua.

Kabla ya matundu hayo, upande wa ziwa, huwekwa pazia la uji wa saruji unaoshindiliwa kwa shinikizo ndani ya nyufa za mwamba. Wapo wanaodhani pazia hilo linatosha peke yake. Kazi yake ni kupunguza maji yanayopita na kuyarefushia njia, na kazi ya matundu ni kutoa kanieneo ya yale yaliyopenya. Vyote viwili vinahitajika.

"Ongeza nondo na saruji, ukuta utakuwa imara zaidi"

Nondo huwekwa kubeba mvutano, kwa kuwa zege hustahimili mgandamizo vizuri na mvutano vibaya. Ukuta unaosimama kwa uzito wake husanifiwa ili karibu mwili wake wote ubaki kwenye mgandamizo, na hivyo sehemu kubwa ya zege lake haina nondo kabisa. Nondo hukusanywa panapozihitaji: kuzunguka ushoroba wa ukaguzi, kwenye nguzo zinazoshika milango ya maji, na mahali ambapo umbo hubadilika ghafla. Kuzijaza mwili mzima hakuuzuii ukuta kuteleza juu ya mwamba, kwani ukuta huteleza wote pamoja na nondo zake.

Saruji nyingi nayo ina gharama isiyoonekana. Saruji inapokaza hutoa joto, na katika pande nene joto hilo hukwama katikati huku uso ukipoa; kiini kinapokuja kupoa na kusinyaa baadaye, zege hupasuka. Katika Bwawa la Hoover nchini Marekani, lenye kimo cha mita 221, zege lilimwagwa katika vitalu vilivyotenganishwa, kwa tabaka za takriban mita 1.5, na ndani yake yakalazwa mabomba ya maji baridi yenye jumla ya zaidi ya kilomita 900. Baada ya vitalu kupoa na kusinyaa, mabomba yenyewe na nafasi za viungo vilijazwa uji wa saruji. Siku hizi sehemu ya saruji hubadilishwa na majivu ya makaa ya mawe ili kupunguza joto tangu mwanzo.

Aina ya bwawa inayostahili kuitwa la zege lenye nondo ni ile ya bamba na viegemeo, ambayo mhandisi Nils Ambursen, mzaliwa wa Norway, aliieneza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Bamba jembamba huinamishwa kuelekea maji na kushikiliwa kwa nyuma na kuta za kuegemea zilizoachiana nafasi. Kwa kuwa uso umelala, uzito wa maji wenyewe huukandamiza muundo chini, na maji yaliyopenya msingini hutokea katika nafasi zilizo wazi badala ya kuinua. Zege linalotumika ni pungufu sana. Hapa nondo ndizo zinazobeba bamba, kwa hiyo upana wa nyufa hudhibitiwa kwa ukali, mara nyingi usizidi karibu milimita 0.2, na nondo hufunikwa kwa zege la kutosha, kwa maana nondo ikishika kutu huvimba na kulibandua zege linaloifunika. Viegemeo navyo hubana uzito wote katika eneo dogo, hivyo mwamba ulio chini yake lazima uwe na uwezo wa kuubeba.

"Tao ni imara popote"

Ukuta wa tao, yaani uliopinda kama upinde kuelekea ziwani, hupeleka msukumo wa maji kwenye kingo za bonde, na kwa sababu hiyo unaweza kuwa mwembamba ajabu. Malpasset, kusini mwa Ufaransa, ulikuwa na kimo cha mita 66 na unene wa takriban mita 1.5 kileleni na usiofika mita 7 kwenye kitako. Zege lake lilikuwa jema. Ulikamilika mwaka 1954, lakini ziwa lilijaa kwa mara ya kwanza mwaka 1959 baada ya mvua kubwa, na usiku wa tarehe 2 Desemba mwaka huo mwamba wa ukingo wa kushoto, uliosukumwa na maji yaliyonaswa ndani yake juu ya mpasuko ambao wachunguzi hawakuwa wameugundua, ulisogea pamoja na ukuta. Watu 423 walifariki.

Miaka mitano ya kusimama salama haikuwa ushahidi wowote, kwa sababu ukuta haukuwa umebeba mzigo wake kamili. Ujazaji wa kwanza ndio mtihani, na hufaa ufanywe kwa hatua, maji yakisimamishwa kila kiwango hadi vipimo vya mwendo wa ukuta na vya maji ya msingini vitulie.

Hata baada ya mtihani huo ukuta hauachwi. Kariba, bwawa la tao lenye kimo cha mita 128 kati ya Zambia na Zimbabwe, lilikamilika mwaka 1959. Maji yanayomwagwa kupitia milango yake yalichimba mwamba chini ya ukuta hadi shimo likafika kina cha takriban mita 80, na zege lake limekuwa likivimba polepole kwa sababu ya kemikali za saruji kuathiriana na kokoto. Kazi kubwa ya kulitengeneza upya shimo hilo imefanywa ili lisile kuelekea msingi. Kwa hiyo utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, husanifiwa pamoja na mahali maji yake yatakapoangukia.

Zipo pia hatari zinazotoka nje ya ukuta. Tetemeko la tarehe 11 Desemba 1967 lililipasua Bwawa la Koyna nchini India, lenye kimo cha mita 103, karibu na mahali ambapo mteremko wa uso wake wa nyuma hubadilika ghafla. Liliendelea kusimama, likaimarishwa kwa viegemeo. Na Vajont nchini Italia, wenye kimo cha takriban mita 262, ulisimama tarehe 9 Oktoba 1963 wakati zaidi ya mita za ujazo milioni 260 za mlima zilipoporomoka ziwani, zikalirusha wimbi juu ya ukuta na kuua karibu watu 2,000 bondeni. Ndiyo maana uchunguzi wa eneo la bwawa hujumuisha miteremko yote inayolizunguka ziwa, na kasi ya kujaza au kushusha maji hupangwa kwa kufuata mwendo wa miteremko hiyo sawa na mwendo wa ukuta wenyewe.