Kindi hatembei usiku, jamani

Nimetumiwa tena video WhatsApp, mkia wa manyoya unapita juu ya boriti usiku wa manane, na chini mtu kaandika "kindi wetu wa Gede". Si kindi! Kindi wetu wa tumbo jekundu, jua likizama keshaingia shimoni, humuoni mpaka kuche. Najua, Asia na Amerika kuna kindi wa kuruka ambao ni wa usiku, hakosi mtu wa kunitolea hiyo, ila Afrika hao hawapo, basi.

Mnayemrekodi ni Graphiurus, panya mdogo wa mitini, gramu 20 hadi 30 hivi, wakati kindi anapita 200. Mkia ndio unawachanganya. Na msimshike huo mkia, ngozi inachomoka inabaki mkononi mwenyewe kashakwenda. Majani msimwekee pia, hana ule mfuko wa utumbo ambao panya wengine wanachachishia majani, yeye ni wadudu, mbegu na matunda.

Sasa kinachoniudhi hasa ni hii ya "wanyama wa usiku wanapenda mbalamwezi". Wanyama gani? Komba ndio, kukiwa na mwezi anazunguka zaidi na makelele juu, maana adui anamuona mapema. Panya wadogo wengi ni kinyume kabisa, mwezi ukiwaka wanajibana vichakani kwa sababu bundi naye anaona. Halafu mtu anakuja msitu wa Arabuko-Sokoke, huku karibu na Gede, na tochi yake mwezi mpevu, anahesabu komba weee, anarudi Malindi anaandika panya wa mitini hakuna. Na hata gizani tochi ina upendeleo: jicho la komba lina utando kwa nyuma unaorudisha mwanga, unaliona linawaka toka mbali, panya wengi hawana huo utando. Umehesabu macho, wanyama hujawahesabu.

Tena msitu wenyewe, kilomita za mraba 420 hivi, si kitu kimoja. Kuna miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, iko wazi wazi, kuna miti ya mifunda kwenye udongo mwekundu imesongamana, na kuna upande wa mchanganyiko. Huyu panya anataka shimo la kulala, na matawi na mitambaazi inayogusana asilazimike kushuka. Mti mzee wenye tundu ukikatwa kwa mbao au vinyago, miche mia haimsaidii kitu leo.

Kuhusu mitego ya kuwahesabia hawa panya niseme ukweli. Ukiiweka chini unapata panya wa chini, kisha ripoti inasema wa juu ni adimu. Ukiifunga matawini na karanga, wanaingia wale wasio na woga, na kesho haohao wanarudi kula tena, kwa hiyo tarakimu zetu, zangu zikiwemo, zinapima ujasiri kuliko wingi. Na siafu wakitangulia kufika kwenye mtego, asubuhi unakuta mifupa, hata jinsia hujui uandike nini.