Jani la Mwarobaini Maabarani: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Malindi

Wakazi wa Malindi wamekuwa wakilalamika kwamba watafiti huchuma majani na magome, kisha wasirudi kusema iwapo dawa inatibu au haitibu. Madai hayo ni ya haki, lakini lipo swali linalotangulia: kiambato cha jani la mwarobaini, yaani kemikali iliyomo ndani yake, hushika protini ipi ndani ya seli?

Seli ya binadamu ina maelfu ya aina za protini, na kiambato kimoja huweza kushika kadhaa. Njia ya zamani ni kukifunga kiambato kwenye punje ndogo kiwe chambo, kupitisha juu yake majimaji ya seli zilizopondwa, kusuuza, kisha kupima protini zilizonasa. Tatizo ni kwamba kukifunga kunaweza kuziba sehemu ile ile inayoshika. Njia nyingine, iliyochapishwa mwaka 2013, huacha kiambato kama kilivyo na kupasha seli joto, kwa kuwa protini iliyoshikwa mara nyingi huhimili joto zaidi.

Mwarobaini wenyewe umeshachunguzwa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha, katika seli za saratani ya matiti, kwamba nimbolidi, kiambato cha mti huo, hushika protini iitwayo RNF114 na hivyo kuinusuru p21, protini inayozuia seli kugawanyika, isiharibiwe. Hizo ni seli za maabara. Si ruhusa ya kunywa majani yaliyochemshwa na kuacha kliniki, na inachosha kulirudia hili kila kikao.

Kuhusu utaratibu, anayekusanya sampuli za utafiti sharti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na pia kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006 za rasilimali za kijenetiki (yaani mimea na viumbe vingine vyenye vinasaba), ambacho hakitolewi bila ushahidi kwamba wahusika wameelezwa na wakaridhia, na ambacho hudumu mwaka mmoja. Kukusanya bila kibali ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa faini au kifungo. Kanuni hizo haziwahusu wenyeji wanaopeana mimea wao kwa wao kwa matumizi yao, kwa hiyo uvumi kwamba mama anayechuma majani uani atashtakiwa hauna msingi wowote. Ujuzi wa waganga nao unalindwa na sheria ya mwaka 2016. Mtafiti akija, ombeni kwanza leseni na kibali, mkague tarehe, ndipo mmwonyeshe mti.