Mkwaruzo wa pleura: sauti anayoisikia daktari kifua kikiwa na kichomi

Mwenye kichomi utamjua kabla hajasema neno. Ameinamia upande mmoja, kiganja kimebana mbavu, pumzi anazivuta fupifupi, na kikohozi kikimjia hukizuia huku amefumba macho. Mwambie avute pumzi ndefu, atafika nusu akwame. Daktari akiweka kipimo cha kusikilizia pale pale mgonjwa anapoonyesha kwa kidole, huenda akasikia sauti kavu ya kukwaruza, pumzi ikiingia na pumzi ikitoka. Sauti hiyo ndiyo mkwaruzo wa pleura.

Pleura ni utando mwembamba wenye tabaka mbili. Ya ndani imeshikamana na pafu. Ya nje imeutandika ukuta wa kifua kwa ndani, nyuma ya mbavu, na kushuka hadi juu ya msuli unaotenga kifua na tumbo. Katikati yake mna majimaji machache mno: kwa mtu mzima mwenye afya hayazidi vijiko vichache vya chai. Uchache huo unatosha. Tabaka zinateleza moja juu ya nyingine mara 12 hadi 20 kila dakika, usiku na mchana, na mwenyewe hana habari.

Utando ukishambuliwa na ugonjwa, huvimba, na juu yake hutanda fibrini, protini ile ile inayosaidia damu kuganda kwenye jeraha. Uso uliokuwa laini unaparuza. Badala ya kuteleza, tabaka hunasana, zikaachiana, zikanasana tena, na kila zinapoachiana hutoa mlio. Ndiyo maana sauti hii huja kwa kukatikakatika, na ndiyo maana husikika zaidi chini ya kwapa na pembeni mwa mbavu za chini, kwa kuwa huko ndiko pafu linakosogea sana.

Ukitaka kuijua inavyofanana, ziba sikio kwa kiganja, kisha usugue taratibu mgongo wa mkono huo kwa kidole cha mkono wa pili. Wengine huifananisha na makubadhi mapya ambayo ngozi yake bado haijalainika. Mfano wa ngozi una umri mrefu: maandishi ya Wagiriki wa kale yanayohusishwa na Hippocrates yanasema kifua cha namna hii hulia kama ukanda wa ngozi. Siku hizo tabibu alilibandika sikio lake kifuani kwa mgonjwa. Kipimo cha kusikilizia kilikuja baadaye sana, Mfaransa René Laennec alipokibuni mjini Paris mwaka 1816, mwanzoni kikiwa ni karatasi tu zilizokunjwa bomba.

Wengi hudhani kila sauti ya kifuani inatoka ndani ya pafu. Mluzi wa pumu unatoka kwenye njia za hewa zilizobana. Milio midogo ya kupasukapasuka ya homa ya mapafu inatoka kwenye njia ndogo za hewa na vifuko vyake vyenye majimaji, na mara nyingine hubadilika mgonjwa akikohoa. Mkwaruzo wa pleura kwa kawaida haubadiliki kwa kikohozi, kwani hakuna kohozi la kuondoa. Unaweza pia kufanana na mkwaruzo wa utando wa moyo, na hapo daktari humwambia mgonjwa azuie pumzi kidogo. Sauti ikikoma, ni ya pleura. Ikiendelea kufuata mapigo ya moyo, ni ya moyo.

Maumivu nayo yana siri yake. Tabaka ya ndani haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Inayouma ni ile ya nje. Na sehemu inayofunika katikati ya msuli wa chini ya kifua ikiguswa, mtu huumwa bega. Anaweza kuchuliwa bega wiki nzima, kumbe ugonjwa uko kifuani.

Mkwaruzo ni dalili, si jina la ugonjwa. Huenda chanzo ni homa ya mapafu, kifua kikuu, virusi, au lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Mwenye selimundu anaweza kuupata pafu lake linapodhurika. Na upo pia pale bonge la damu linapoziba mshipa wa pafu: kichomi cha ghafla pamoja na kuhema, mguu mmoja umevimba, au mama aliyejifungua karibuni. Huyo asingojee kesho, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni ukimya unaofuata. Siku chache baada ya kichomi kikali, mgonjwa anasema maumivu yamepungua, na mkwaruzo hausikiki tena. Nyumbani watu wanashukuru. Huenda ni kweli amepona. Lakini huenda pia maji yamejaa kati ya tabaka mbili na kuzitenganisha, hazigusani tena, hazilii wala haziumi. Mtazame anavyopumua: maumivu yamekwisha, lakini ngazi alizokuwa akizipanda bila shida sasa zinamchosha, na akilala chali anakosa hewa. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vikiongezeka, kifua kikuu kiko karibu kufikiriwa, nacho kina dawa, kwa kawaida za miezi 6.

Hapo daktari hugonga kifua kwa ncha ya kidole. Penye hewa panaitika wazi kama debe tupu. Penye maji panajibu kwa sauti nzito iliyofifia, na mlio wa pumzi hapo unasikika kwa mbali au hausikiki kabisa. Kisha hupigwa picha ya kifua au ya mawimbi ya sauti, na maji kidogo huvutwa kwa sindano kati ya mbavu, yakapimwe kujua yameletwa na nini.