Je, wajua kwa nini ekstano, ile diski ya nje ya kuhifadhia data za kompyuta, huvumilia safari ya Kyela, kisha ikafia mezani?

Wanaorekodi harusi Mbeya wanalijua jambo hili. Ekstano iliyojaa video inatoka Mwanjelwa ndani ya begi, inapita Uyole, inavuka milima ya Uporoto, inateremka Tukuyu hadi Kyela, na inafika salama. Jioni imechomekwa kwenye kompyuta, mtu anapita, waya unamnasa mguuni, ekstano inaanguka. Kuanzia hapo haisomi.

Kinachoiua ni kupigwa ikiwa inazunguka. Ndani ya ekstano ya kawaida mna visahani vilivyopakwa tabaka la sumaku, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya kila kisahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwa nguvu ya hewa inayovutwa na mzunguko huo. Nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Pigo moja linatosha kukigonganisha kichwa na kisahani. Tabaka lenye data linakwaruzika, chembe zake zinaingia chini ya kichwa, nazo zinakwaruza zaidi kila kisahani kinapozunguka. Ndiyo maana ekstano iliyoanza kugonga tik-tik isiwashwe tena na tena kwa matumaini, wala fundi asiifungue kwenye meza yenye vumbi.

Ukiizima kwa utaratibu, kichwa hutoka juu ya visahani na kuegeshwa pembeni. Ekstano ndogo za aina hii zikiwa zimezimwa kwa kawaida hustahimili mshtuko mara mbili au zaidi ya zikiwa kazini. Kwa hiyo iondoe kwanza kwenye kompyuta, subiri sekunde kadhaa hadi usisikie mtetemo mkononi, ndipo uiweke kwenye begi.

Kwa kuwa kichwa kinategemea hewa, wapo wanaohofia milima yetu, maana juu hewa ni nyepesi. Watengenezaji wengi huruhusu ekstano kufanya kazi hadi kama mita 3,000. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na hata kilele cha Rungwe hakifiki 3,000. Fanya kazi hata kwenye uwanda wa juu wa Kitulo bila wasiwasi.

Ninalolihofia mimi ni unyevu. Kifaa kilichopoa kwa baridi ya Uporoto, kikifika kwenye joto zito la Kyela, hushika matone ya maji kutoka hewani. Kiache ndani ya begi lililofungwa kwa saa moja au mbili kipate joto kabla ya kukichomeka.

SSD (diski ya chipu isiyo na visahani) na flashi hazina kinachozunguka. Data hukaa kama chaji za umeme zilizonaswa ndani ya chipu, kwa hiyo kuanguka hakuzisumbui sana. Kwa mtu wa kusafiri kila wiki, ningemshauri SSD bila kusita. Udhaifu wa flashi ni pale kichomeo kilipounganishwa na bodi: ikigongwa na goti ikiwa kwenye laptopu, kiungo hukatika. Tena chaji huvuja polepole kifaa kikikaa miaka bila umeme, na joto huharakisha uvujaji huo, hivyo video za harusi zisiachwe kabatini kwenye flashi moja pekee. Ziwe na nakala ya pili, na safarini nakala hizo zikae mabegi tofauti.