Je, wajua kwa nini mvinyo mwekundu wa Priorat hutoka kwenye miteremko ya mawe matupu?

Mkulima anayetafuta shamba hupenda udongo mweusi, ardhi tambarare na maji yaliyo karibu. Priorat, eneo dogo la milima katika mkoa wa Tarragona, Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania, halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na bado mvinyo mwekundu unaotoka huko ni miongoni mwa ile inayoheshimiwa na kuuzwa kwa bei ya juu kabisa nchini humo. Mizabibu yake imeng'ang'ania miteremko ambayo mara nyingi hupanda zaidi ya mita 30 kwa kila mita 100 za mwendo, juu ya ardhi inayofanana zaidi na vigae vilivyovunjika kuliko udongo. Kwa nini watu wajitese hivyo?

Jibu huanzia kwenye jiwe lenyewe. Wenyeji huliita llicorella: ni mwamba wa slati wenye rangi nyeusi inayoelekea shaba, unaovunjika kwa urahisi katika matabaka membamba na kumetameta juani. Jiwe hilo halina rutuba ya kutosha mahindi wala ngano, na mvua ikinyesha, maji huteremka haraka kabla mimea haijayafaidi. Hata hivyo matabaka yake yana nyufa, na ndani ya nyufa hizo, chini kabisa, hubaki unyevu kidogo hata katikati ya kiangazi kirefu. Mzabibu ambao mizizi yake haipati kitu juu hulazimika kuisukuma chini kupitia nyufa hizo, mita kadhaa, na ukishafika huko huweza kuishi miaka 80 au zaidi bila kumwagiliwa.

Maisha hayo ya dhiki huonekana katika tunda. Mzabibu mkongwe wa Priorat unaweza kuzaa chini ya kilo moja ya zabibu kwa mwaka, na punje zake huwa ndogo zenye maganda manene. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa sababu rangi ya mvinyo mwekundu, pamoja na ule ukakasi unaokaza ulimi, hutoka hasa kwenye maganda, wala si kwenye maji ya zabibu. Punje ikiwa ndogo, maganda huwa mengi yakilinganishwa na maji yake, na mvinyo hutoka mzito, wenye rangi ya kukolea.

Mteremko nao una kazi yake. Katika nyuzi 41 kaskazini mwa ikweta jua halifiki utosini hata mwezi Juni, kwa hiyo mlima ulioelekea kusini huupokea mwanga wake wima zaidi kuliko ardhi tambarare, na jiwe jeusi hulihifadhi joto hilo na kulirudisha taratibu baada ya jua kuchwa. Sukari hupanda sana ndani ya zabibu, na ndiyo maana mvinyo wa Priorat mara nyingi hufikia alkoholi ya asilimia 14 au 15. Usiku, lakini, hewa ya milimani hupoa na kuuhifadhi uchachu wa tunda, ambao bila huo mvinyo wenye nguvu kiasi hicho ungechosha mapema. Kwa kuwa majira ya joto yamezidi kuwa makali, miteremko iliyoelekea kaskazini, ambayo zamani ilionekana hafifu, sasa inathaminiwa sana.

Wanywaji wengi husema kwamba katika mvinyo huu wanaonja jiwe lenyewe. Wanajiolojia hawakubaliani nao, kwa kuwa mzizi hauwezi kufyonza mwamba na kuupeleka kwenye tunda. Kinachofyonzwa ni maji na chumvichumvi chache zisizo na ladha ya slati. Nionavyo mimi, maelezo ya wanajiolojia hayaupunguzii mvinyo huu utukufu wake. Jiwe hufanya kazi kubwa kuliko kutia ladha, kwani ndilo linaloamua mzabibu upate maji kiasi gani, joto kiasi gani na uzae kidogo namna gani.

Jina la eneo hili lilitokana na watawa wa Kikartusi, waliojenga monasteri ya Scala Dei chini ya mlima Montsant katika karne ya 12. Nchi iliyokuwa chini ya mkuu wao, yaani priori, ikaitwa Priorat. Watawa hao walilima mizabibu kwa karne nyingi, hadi serikali ilipotwaa mali za monasteri katika miaka ya 1830. Mwishoni mwa karne hiyo akaja filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi, akaangamiza mashamba mengi. Vijana wakahamia mijini, na matuta ya ngazi yakafunikwa na vichaka.

Mwaka 1989 kikundi kidogo cha watengenezaji mvinyo kilichoongozwa na René Barbier, akiwemo Álvaro Palacios, kilikusanya zabibu pamoja na kutengeneza mvinyo mmoja, kisha kila mmoja akautia katika chupa zenye lebo yake. Mwanzoni walichanganya pia aina za zabibu za Kifaransa kama Cabernet Sauvignon na Syrah. Baadaye wengi walirejea kuzipa uzito Garnacha na Cariñena, zabibu za tangu zamani za milima hiyo, na naamini walifanya vyema: Garnacha huleta harufu ya matunda mekundu yaliyoiva na ulaini, na Cariñena huleta rangi, ukakasi na uchachu.

Kazi yenyewe haijawa rahisi. Trekta haliwezi kupanda sehemu nyingi, kwa hiyo bado wapo wanaolima kwa nyumbu na karibu wote huvuna kwa mikono, wakibeba makreti kwenye mawe yanayoteleza. Jasho hilo ni sehemu ya bei ya chupa. Na kwa kuwa mteremko wa kijiji cha Porrera hautoi mvinyo sawa na ule wa kijiji cha Gratallops, tangu mwaka 2009 kanuni za eneo zimeruhusu jina la kijiji kuandikwa kwenye lebo, mradi zabibu zote zimetoka huko.