Karatasi iliyoachwa mezani ni kazi isiyoandikwa

Ukiona meza imefunikwa na karatasi, usihangaike kuzihesabu. Shika moja moja, umuulize mwenyewe: hii imekaa hapa kwa nini? Nimeuliza swali hilo maofisini na majumbani, na jibu huwa lilelile: "Nimeiacha hapo nisije nikaisahau." Bili iko mezani ili ilipwe. Fomu imewekwa juu ya kibodi ili ijazwe. Barua pepe imerudishwa kwenye ambazo hazijasomwa ili ijibiwe. Mtu huyu hasumbuliwi na wingi wa nyaraka. Ana kazi ambazo hazijaandikwa popote, na nyaraka ndizo zimepewa jukumu la kumkumbusha.

Mimi ni mtunza kumbukumbu, na masijala zilikuwa na dawa ya ugonjwa huu kabla kompyuta hazijaingia ofisini. Faili lenye jambo linalosubiri halikai mezani kwa ofisa. Linarudi kabatini, na karani anaandika kwenye daftari la kukumbushia: namba ya faili, jambo lenyewe, na tarehe ya kulitoa tena. Siku ikifika, analitoa na kulipeleka kwa mhusika. Faili likitoka, kadi yenye jina la aliyelichukua inabaki mahali pake. Yaani waraka una makao yake, kazi ina makao yake, na namba ndiyo inayoviunganisha. Ukishalishika hilo, mabishano ya kama utumie daftari au simu yanapungua uzito.

Tuanze na kazi. "Mkataba" kwenye orodha si kazi, ni jina la kitu. Kesho utaliangalia neno hilo na kulipita, kwa sababu halikuambii ufanye nini. Andika hivi: "Mpigie mwenye nyumba, muulize kodi mpya. Angalia 2025-07-01_mkataba_pango." Kitendo kipo, mtu yupo, na jina la faili linaonyesha waraka uliko, kwa hiyo karatasi yenyewe inaweza kurudi kabatini leo hii. Kuna utafiti wa wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister, uliochapishwa mwaka 2011, ulioonyesha kwamba jambo lisilomalizika humsumbua mtu hata akiwa anafanya shughuli nyingine, lakini akishalipangia mpango mahususi, usumbufu hupungua kabla hata hajalifanya. Ndiyo maana sentensi moja iliyoandikwa vizuri inakupa nafasi ya kuondoa karatasi mezani bila wasiwasi.

Kila kitu chenye tarehe nakiweka kwenye kalenda ya simu. Daftari halipigi kengele, wala halijui kujirudia kila mwaka. Ila tarehe ya kuweka si siku ya mwisho, ni siku ya kuanza. Chukua pasipoti: nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiwa na muda usiozidi miezi 6, kwa hiyo kikumbusho kinachokuja wiki moja kabla haijaisha hakina faida yoyote. Weka mwaka mzima kabla, na ndani ya kikumbusho uandike bahasha yenye pasipoti ilipo.

Kazi za leo, kwa upande wangu, zinakaa kwenye karatasi. Orodha ya kwenye simu haina mwisho; unaweza kuongeza kazi mia na isikulalamikie. Ukurasa una mwisho. Kuna pia suala la mkono: kazi uliyoihamisha kutoka jana, na juzi, na wiki iliyopita, ukiiandika tena kwa kalamu inakuchosha mpaka uifanye, uigawe, au uifute. Simu ingeihamisha yenyewe kimyakimya. (Najua wapo wanaofanya kila kitu kwenye simu na mambo yao yanakwenda. Nao ni sawa, mradi wasiwe na orodha tatu katika programu tatu.)

Sasa majina ya mafaili, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza muda mwingi kuliko wanavyodhani. Anza jina kwa tarehe: mwaka, mwezi, siku, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza. Kompyuta hupanga majina kwa kusoma kutoka kushoto, kwa hiyo 2025-03-09 itatangulia 2025-11-02 bila wewe kufanya lolote. Ukiandika 9-3-2025 na 2-11-2025, ya Novemba itakaa mbele ya ile ya Machi. Sifuri usiiruke: bila hiyo, kwa mpangilio huohuo wa herufi, 10 inatangulia 9. Baada ya tarehe, andika aina ya waraka, kisha unahusu nini. Epuka mkwaju (/), nukta pacha (:) na alama ya kuuliza, kwani Windows haizikubali kwenye jina la faili. Na neno "mwisho" lipige marufuku. Sijawahi kuona folda yenye "ripoti_mwisho" ambayo haina "ripoti_mwisho_kabisa" pembeni yake. Tumia v01, v02, v03, yaani toleo la kwanza, la pili, la tatu. Jina likiwa limebeba habari zote hizo, folda zinaweza kuwa chache, na kisanduku cha kutafutia kitafanya kazi iliyobaki.

Jina hilohilo lifuate karatasi. Ukishaskani waraka, andika jina la faili kwa penseli kwenye kona ya nakala ya karatasi. Vyeti, wosia na hati za umiliki usiziandike kitu. Andika kwenye bahasha. Hizo pia usizitupe kwa sababu tu umeziskani. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi ya kawaida, na ukipitisha picha kwenye programu ya kutambua maandishi utaweza kutafuta neno lililo ndani. Risiti za mashine zinazochapa kwa joto ziskani siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia kwa mwanga na joto. Toa pini za chuma na mipira ya kufungia kabla ya kuhifadhi: pini hushika kutu, mipira hugandia karatasi.

Kuhusu nakala rudufu, kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh inatosha: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumba au ofisi. Kumbuka tu kwamba folda inayojisawazisha kati ya simu na kompyuta haihesabiki peke yake kuwa nakala. Ukifuta huku, inafutika na kule.

Mwisho ni kuharibu. Siku unapofungua jalada, liwe la karatasi au la kompyuta, andika juu yake mwaka litakapoharibiwa. Muda wenyewe hutofautiana kwa kila nchi, hasa kwa hesabu za kodi na kumbukumbu za waajiriwa, kwa hiyo uthibitishe kwenye sheria kabla ya kuuandika. Mwaka huo ukifika, karatasi zenye namba za kitambulisho au za akaunti zipite kwenye mashine ya kukatia, nakala zake za kompyuta zifutwe siku hiyo, zikiwemo zile za kwenye diski ya nje, na jina la jalada likatwe kwa mstari kwenye orodha ya majalada, na tarehe ya kuliharibu iandikwe pembeni.