Kuzima upepo wa mpinzani kwenye futiboli ya Australia: yanayodhaniwa na yanayotokea uwanjani

Septemba 25, 2021, fainali ya AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, ilichezwa Perth badala ya Melbourne kwa sababu ya korona. Robo ya tatu ilipofika katikati, Western Bulldogs walikuwa wanaongoza 59 kwa 40. Melbourne, ambao mara ya mwisho kutwaa ubingwa ilikuwa 1964, walishaanza kutazamana. Ghafla upepo ukageuka. King'ora cha mwisho kilipolia ubao ulikuwa unasoma Melbourne 140, Bulldogs 66. Tangu ile 59 kwa 40 yalifungwa magoli 17, na 16 kati ya hayo yalikuwa ya Melbourne.

Nilikuwa naitazama na binamu yangu, mtu wa kandanda tangu utotoni. Kila goli lilipoingia alikuwa na swali. Kocha wao amelala? Mbona hakuna anayejiangusha? Si wapaki basi tu, kaka? Maswali yake ni yale yale wanayouliza wengi wanaoukuta mchezo huu wakiwa na macho ya soka, na karibu yote yamekaa juu ya dhana ambazo hazipo kwenye sheria zake.

Kwanza mambo ya msingi, kwa haraka. Kila timu ina wachezaji 18 kwenye uwanja wa duara refu. Kila upande una milingoti minne: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ni goli, pointi 6, ukipita kati ya mrefu na mfupi ni bihaindi, pointi 1. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi, kabla haujaguswa na mtu wala kugonga chini, amepata maki: haruhusiwi kuguswa, anapewa nafasi ya kupiga kwa utulivu. Shika hiyo ya maki, tutairudia.

"Kocha angeomba muda wachezaji wapoe"

Hakuna kitu kama hicho. Kwenye kikapu kocha anasimamisha mchezo timu yake ikianza kuzama. Huku hana kitufe cha kubonyeza. Anakaa juu jukwaani nyuma ya kioo, anapiga simu benchi, basi. Zamani alikuwa na mkimbiaji wa kupeleka ujumbe, anazurura uwanjani mpira ukiendelea, wakati mwingine akiziba njia kwa makusudi. Mwaka 2019 wakambana: aingie baada ya goli tu. Hata kubadilisha wachezaji, ambako hapo awali kulikuwa ni kama mlango wa daladala, kuna kikomo. Mwaka 2021 kilishushwa kutoka mara 90 hadi 75 kwa mechi.

Kwa hiyo aliyefungwa hana pumziko jingine zaidi ya zile sekunde chache baada ya goli, televisheni ikiwa kwenye tangazo. Ukitazama uwanjani wakati huo utaona nahodha amewakusanya wenzake watatu wanne, mkono umeziba mdomo, wanagawana kazi: wewe mshike huyu, wewe simama upande wa ulinzi. Huo ndio muda wa kuomba wenyewe, na hutolewa na aliyekufunga.

"Ukifungwa, angalau mpira unakuwa wako"

Hii ndiyo dhana inayowapoteza watu wa soka kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa inamtesa binamu yangu bila yeye kujua. Kwenye soka ukifungwa unaanza wewe. Hata ukiwa umeduwaa, mpira unao, unaweza kupiga pasi kumi nyuma mpaka moyo utulie. Kwenye futiboli ya Australia aliyefungwa hapewi chochote. Mpira unarudi katikati, mwamuzi anaurusha juu (hadi 2025 aliweza kuugongesha chini), warefu wawili wanaruka kuugombea, na miguuni pao wamejipanga viungo watatu kwa watatu. Atakayeuchomoa pale ana nusu uwanja mbele yake.

Maana yake ni kwamba timu iliyotoka kufunga inaweza kufunga tena kabla mpinzani hajaugusa mpira. Ndicho kilichotokea Perth. Christian Petracca na Clayton Oliver, viungo wa Melbourne, waliuchomoa mpira katikati mara kwa mara, na mwishoni mwa robo ya tatu magoli matatu yalifuatana ndani ya karibu dakika moja. Watu husema Bulldogs walikata tamaa. Labda, baadaye. Lakini kabla ya tamaa kukatika kuna kitu kikavu zaidi: walipoteza mrusho wa katikati, wakapoteza tena, na tena. Kila waliposhindwa pale, mabeki wao walibaki kulinda eneo kubwa ambalo hakuna anayeweza kulilinda akiwa peke yake.

Ndiyo maana ukimsikia mchambuzi wa huko anazungumzia kuzima moto, hataanza na mabeki. Ataanza na ule mraba wa katikati: nani amebadilishwa, nani amehamia upande wa kujilinda badala ya kuukimbilia mpira. Mara nyingi dawa ni kutojaribu kushinda kabisa. Unamwambia kiungo wako aachane na mpira, amkumbatie mpinzani mara tu atakapoushika, msongamano utokee, mwamuzi aurushe upya. Mpira ukiwa umenaswa kwenye msongamano, goli halifungwi. Ni kazi isiyopendeza na haiingii kwenye video za dakika mbili.

"Wapaki basi"

Basi lilishawahi kupakiwa, tena vizuri. Mwaka 2000 Essendon walishinda mechi 20 mfululizo tangu msimu uanze. Raundi ya 21 wakakutana na Western Bulldogs wa Terry Wallace, ambaye aliwajaza wachezaji nyuma ya mpira kiasi kwamba washambuliaji wa Essendon walikuwa kama watu wanaotafuta viatu vyao mlangoni msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Bulldogs wakashinda. Ilikuwa mechi pekee Essendon waliyopoteza mwaka ule, ubingwa waliuchukua.

Mtindo huo ukaenea, watazamaji wakaulalamikia, na mwaka 2019 ligi ikaleta kanuni inayojulikana kwa namba tu: 6-6-6. Kila mpira unapoanzia katikati, kila timu lazima iwe na watu sita nyuma, sita kati, sita mbele. Kwa hiyo kwenye zile sekunde za hatari zaidi, mara tu baada ya kufungwa, huwezi kumficha beki wa ziada. Mpira ukishachezwa kila mtu anaenda anakotaka, kwa kuwa huku hakuna kuotea, na beki wa ziada atarudi mbio. Swali ni kama atafika kabla ya mpira. Katika usiku mbaya hafiki.

"Mtu mmoja ajiangushe, saa ikimbie"

Haikimbii. Robo imeandikwa dakika 20 lakini huchukua karibu 30, kwa sababu saa inasimamishwa mpira ukitoka nje, goli likifungwa, mwamuzi akiurusha upya. Na ukilala chini ukishika goti, mchezo haukusubiri: daktari anakuja kukutazama hapo hapo huku wenzako wanacheza pungufu. Kuupiga mpira nje kwa makusudi nako kunamzawadia mpinzani pigo huru.

Kuna mahali saa inakimbia kweli, lakini wengi hawapatazamii. Mchezaji mwenye maki akisimama anatafakari, saa haijasimama. Anayepiga golini ana sekunde 30, na mwenye akili katika robo ya mwisho anazitumia zote, anavuta soksi, anahesabu hatua, mashabiki wa upande wa pili wanamzomea kwa haki yao.

"Kila pointi ya mpinzani ni hasara yako"

Hapa napenda mchezo huu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hesabu yake ni ya kijanja. Goli linampa mpinzani pointi 6, na mpira unaenda kugombewa. Bihaindi inampa pointi 1, na mpira unakuwa wako. Unaanza kutoka golini bila bughudha. Sasa jiweke kwenye nafasi ya beki aliyebanwa kwenye mstari wake, watu wanne wanamjia. Akiupeleka mpira mwenyewe nyuma ya mstari, mpinzani anapata pointi moja, yeye anapata mpira na pumzi. Amenunua utulivu kwa bei ya chini kabisa sokoni.

Hawthorn waliifanya hesabu hiyo hadharani kwenye fainali ya 2008 dhidi ya Geelong, timu iliyokuwa imepoteza mechi moja tu kwenye ligi mwaka mzima. Kila Geelong walipopandisha moto, beki wa Hawthorn aliuvusha mpira nyuma. Mara 11. Geelong walimaliza na magoli 11 na bihaindi 23, wakafungwa 115 kwa 89. Watu wakasema ni uoga. Mimi naona ni akili, ila naelewa kwa nini aliyelipa tiketi alichukia. Mwaka uliofuata sheria ikabadilika: beki akifanya hivyo kwa makusudi bila kubanwa, mpinzani anapewa pigo huru mbele kabisa ya goli. Neno lenye uzito hapo ni "bila kubanwa". Akiwa amebanwa kweli, mlango bado uko wazi, na mabeki wazuri wanajua kuonekana wamebanwa.

"Mpige nyota wao, timu itapoa"

Mwaka 1989 walijaribu. Mpira wa kwanza kabisa wa fainali, Mark Yeates wa Geelong alimkimbilia Dermott Brereton wa Hawthorn bila hata kuutazama mpira, akamvunja mbavu. Brereton alitapika uwanjani, akakataa kutoka, na ndani ya robo hiyo hiyo akadaka na kufunga goli. Hawthorn wakatoka kwenye kipigo hicho na moto mkubwa kuliko waliokuja nao.

Kumganda nyota kama ruba ni jambo jingine na ni halali. Kila timu imewahi kuwa na mtu wake wa kazi hiyo, anayemfuata kiungo mmoja robo zote nne, haangalii mpira, anaangalia nyonga za mwenzake. Inafaa pale moto unapotoka kwa mtu mmoja. Ukiwa unatoka kwa watano, umemfunga mmoja na kuwaachia uwanja wanne.

Fainali hiyo ya 1989 ina funzo jingine. Hawthorn waliingia robo ya mwisho wakiongoza kwa pointi 36. Geelong wakawaka, Gary Ablett akafikisha magoli 9, tofauti ikabaki pointi 6, yaani goli moja. Hawthorn, nusu yao wakiwa majeruhi, hawakufanikiwa kuuzima ule moto. King'ora ndicho kilichowaokoa, 144 kwa 138.

"Pointi 40 mbele, kazi imeisha"

Fainali ya 1970, mbele ya watu 121,696: Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Kocha wa Carlton, Ron Barassi, aliwaambia vijana wake wapige pasi za mkono na kukimbia, akamtoa benchi Ted Hopkins, ambaye akafunga magoli manne. Carlton wakashinda kwa 10. Na rekodi yenyewe ni ya 2001: Essendon walikuwa nyuma kwa pointi 69 mbele ya North Melbourne, na wakashinda 171 kwa 159. Ukihesabu jumla ya mechi ile utaona kwamba hakuna aliyemzima mwenzake. Kila mmoja aliungua kwa zamu.

Basi kinachozima ni nini?

Zaidi ni maki, tena ile isiyo na mbwembwe. Mtazame Aliir Aliir wa Port Adelaide, ambaye alizaliwa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, na mwaka 2021 akaingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Mpinzani anapiga mpira mrefu kwa haraka kuelekea golini, kama timu yenye upepo inavyofanya. Aliir anamwacha mtu wake, anakata njia, anaruka, mpira umo mikononi. Mwamuzi anapuliza kipenga. Kwa mara ya kwanza baada ya dakika tatu, hakuna anayekimbia.

Anarudi hatua nne. Anatazama kushoto, hapapendi. Anapiga mita 20 kulia kwa mwenzake aliye peke yake, naye anadaka, maki nyingine, anasimama. Mwingine tena. Jukwaani wanazomea, wanataka mpira uende mbele. Huku chini viungo wameshashuka kujipanga, wamekunywa maji, na yule kiungo wa mpinzani aliyekuwa anatamba ameinama, mikono magotini.